Ukitoka Stendi, Geuka Kulia

Watu wanasema ghala letu lilipotea kwa sababu Pankrasi alipotea njia Dar es Salaam. Waseme. Mimi nilikuwepo matofali ya ghala hilo yalipofyatuliwa, wanawake wakiteka maji chini ya mlima wa Matogoro, na sijasahau hata jina moja la aliyefyatua.

Mwishoni mwa miaka ya tisini kila kitu kilikuwa kinauzwa. Tume iliyouza mali za vyama vya wakulima ikatangaza: mwenye pingamizi juu ya ghala la tumbaku afike Dar es Salaam na hati zake, Jumatano ya pili ya Aprili, saa tatu asubuhi. Asipofika, mnunuzi anakabidhiwa. Ghala liko Songea, wenye ghala wako Songea, tumbaku iko Songea; pingamizi likasikilizwe baharini!

Nauli ilitosha mtu mmoja. Tukamtuma mwenyekiti wa chama chetu, Pankrasi, mzee asiyeogopa mkubwa yeyote, ila Dar hajawahi kuiona. Basi Majaliwa, mchuuzi wa korosho kutoka Namasakata, akatuchorea jiji kwa chaki kwenye sakafu ya ghala. Tofali likawa stendi ya Kisutu, debe likawa kanisa.

"Mzee, basi linakushusha hapa, mjini kabisa. Ukitoka getini geuka kulia. Barabara ya pili, kushoto. Nyoosha mpaka kanisa lenye mnara, kule Posta. Tume inatazamana nalo."

"Mlima unakuwa upande gani?"

"Dar hakuna mlima, mzee."

"Sasa wenyewe wanajuaje wanakokwenda?"

Kunegunda, mweka hazina wetu, alicheka mpaka akakaa chini. "Tembea, mwenyekiti! Angalia usigongwe na debe!"

Pankrasi akatembea, akarudia, mpaka akaweza kupita jiji zima amefumba macho.

"Na usiulize njia," Majaliwa akamwonya. "Ukiuliza tu, wamekujua wa kuja. Watakuzungusha, na mfuko wa hati unaondoka. Tembea kama mwenyeji."

Basi liliingia Dar giza limeshatanda. Kondakta akapiga kelele, "Mwisho wa gari!" Pankrasi akashuka, akalala gesti jirani na geti. Asubuhi akatoka, hati kifuani, akageuka kulia. Barabara ya pili, kushoto. Akanyoosha. Badala ya ghorofa akakuta gereji, kisha vibanda, kisha migomba. Akadhani amehesabu vibaya. Akarudi getini, akaanza upya, magari yakimpigia honi kila upande. Hakuuliza mtu.

Jua lilikuwa kali alipoitwa na mama muuza vitumbua.

"Shikamoo baba. Naona unapita tu, unarudi. Unatafuta nini?"

"Marahaba. Kanisa lenye mnara, kule Posta."

"Posta? Baba yangu, hapa Ubungo! Posta unapanda gari."

"Hii si stendi ya Kisutu?"

"Mabasi ya mikoani yamehamishwa, baba. Siku hizi yanaishia huku."

Yamehamishwa. Songea nani alituambia? Wakubwa wanahamisha nchi kama mtu anavyohamisha viti sebuleni mwake, halafu sisi tukijikwaa tunaitwa washamba.

Alifika kwenye tume saa sita.

"Pingamizi la Songea?" karani akasema. "Hakuna aliyetokea, mzee."

"Mimi hapa nimetokea."

"Saa tatu hukutokea."

Aliporudi Ijumaa, mlangoni mwa ghala kulikuwa na kufuli jipya na mlinzi tusiyemjua, na marobota yetu ya tumbaku yametolewa nje.

"Uliwaambia ni nani aliyelijenga?" Kunegunda akamuuliza.

"Sikuwaambia kitu, dada. Walikuwa wanakunja mafaili."

"Wallahi, mimi mwenyewe nilishukia Kisutu," Majaliwa akajitetea.

Mvua ilikuwa inakuja. Tukabeba tumbaku vichwani, tukaisambaza kwenye nyumba zetu zinazovuja, mpaka chini ya vitanda vya watoto. Msimu wa kuuza ulipofunguliwa, mnunuzi akainusa, akakunja pua.

"Ina ukungu hii. Daraja la mwisho."

Tukamuuzia. Mizani yake alikuwa ameiweka ndani ya ghala letu.