Wosia Uliokosa Mashahidi

Karani wa mirathi aliusoma wosia mara mbili, akaugeuza nyuma kuona kama kuna zaidi, akakuta hakuna. Ulikuwa ukurasa mmoja tu uliopigwa chapa, na chini yake saini tatu: moja ya marehemu, mbili za mashahidi. Marehemu alikuwa fundi wa kutengeneza cherehani mbovu, amezikwa mwezi uliopita, na watoto wake watatu walikuwa wamekaa mbele ya meza kwa mpangilio wa kuzaliwa bila kupangwa na mtu.

Mkubwa alikuwa mwalimu mkuu msaidizi wa sekondari, mtu wa mitihani. Wanafunzi walimbandika jina la Kalamu Chini kwa sababu ndiyo kauli yake muda ukiisha, na katika miaka ishirini na nane ya kazi hajapata kumwongezea mtoto wa mtu hata sekunde moja ya kuweka nukta. Jina lilitoka shuleni likamfuata nyumbani, hata shemeji zake wakawa wanamwita hivyo akiwapa mgongo. Yeye alikuwa analijua na halikumuudhi.

Aliyemfuata, ambaye wenzake walizoea kumwita Wa Kati, alikuwa na duka la vitambaa na mdomo usiojua kupumzika. Wa mwisho ni Kitinda. Huyo ndiye aliyekaa na baba yao miaka sita tangu kiharusi kilipomlaza upande mmoja, akamlisha, akamwogesha, na katikati ya hayo akajifunza kazi yake. Karakana ya mbele ya nyumba sasa ilikuwa mikononi mwake, na hakuwa na kazi nyingine wala pengine pa kulala.

Karani akasoma kwa sauti isiyokuwa na chumvi wala sukari.

"Nyumba pamoja na karakana yake nampa binti yangu wa mwisho. Kiwanja nampa binti yangu wa kati. Mwanangu mkubwa nilishamsomesha mpaka chuo. Kwake nimemaliza."

Kalamu Chini hakutikisika. Alihisi tu masikio yake yanapata moto, akakazia macho kalenda ya ukutani ambayo ilikuwa ya mwaka juzi. Mtu ana miaka hamsini na miwili, ana mke, ana watoto walioanza kazi, na bado neno moja la baba linaweza kumrudisha kwenye kaptula.

"Sasa," karani akasema, "hawa mashahidi wawili ni akina nani?"

"Ni sisi!" Wa Kati akadakia kwa fahari. "Mimi na mdogo wangu. Baba hakutaka mtu wa nje aone mambo yake."

Karani akavua miwani.

"Basi mmejikata wenyewe, mama. Aliyepewa kitu kwenye wosia hawi shahidi wa wosia huohuo. Akishuhudia, kile alichopewa kinaanguka. Na hapa waliopewa ni nyinyi wawili, walioshuhudia ni nyinyi wawili. Hakuna kilichobaki kimesimama."

"Lakini hiyo ni saini ya baba! Mkono ulikuwa unamtetemeka, mimi ndiye niliyemshikia karatasi!"

"Sijasema si ya baba yenu. Nasema wosia wake haufanyi kazi. Mali inarudi kugawiwa kana kwamba hakuandika kitu. Mama yenu alitangulia, kwa hiyo ni nyinyi watatu, sawa kwa sawa. Theluthi, theluthi, theluthi."

Kalamu Chini akaacha kuitazama kalenda. Ndani ya dakika tano alikuwa amenyimwa na baba yake, kisha akapewa na sheria. Hakujua amkasirikie nani kwanza.

Karani hakuwa mtu mbaya, alikuwa tu ameona familia nyingi. Akawaeleza kwamba sheria haiwafungi mikono. Wote watatu wakiridhia kugawana kama marehemu alivyotaka, iko fomu ya kuachia fungu, watajaza, yeye atagonga muhuri, yamekwisha. Mmoja akikataa, nyumba itathaminiwa, na Kitinda atalazimika kulinunua fungu la mwenzake. Akishindwa, nyumba itauzwa. Akawapa wiki tatu.

"Mimi hata wiki tatu sizihitaji," Wa Kati akasema. "Kila mtu abaki na alichopewa na baba. Kiwanja kinanitosha."

Kisha yeye na karani wakamgeukia mkubwa. Kitinda peke yake hakumtazama. Alikuwa anachokonoa mafuta ya mashine yaliyoganda chini ya ukucha wa kidole gumba.

"Nitalisoma kwanza suala hili," Kalamu Chini akasema.

Na kweli alilisoma. Alinunua kijitabu cha sheria ya mirathi, akakipigia mistari kwa wino mwekundu kama karatasi ya mtihani, na kila jioni baada ya chakula akamtungia mkewe maswali. Mtoto aliyekwisha kusomeshwa anapoteza haki? Hapana. Mtoto aliyekaa na mzazi anapata zaidi? Hapana, ila kama kuna wosia halali. Msimamizi wa mirathi ndiye mwenye mali? Hapana tena, na hapo watu wengi hukosea. Mkewe alipata maswali mawili kati ya matatu na akadai la tatu lilikuwa la mtego.

Alifurahi kugundua kwamba karani hakukosea hata nukta, na hakuona aibu kufurahi.

"Kwa hiyo mzee amekunyima, na sheria imekupa zawadi," mkewe akasema.

"Sheria haitoi zawadi. Inatoa haki."

"Haya, mheshimiwa. Na hiyo haki utaiweka wapi? Nyumba tunayo, na moja tu inatushinda kupaka rangi."

Jibu lake halikuwa la kupendeza kwa mtu mzima. Hakuitaka nyumba. Alitaka jina lake liwe kwenye ile karatasi mahali pengine, si mbele ya neno "nimemaliza". Kama baba hakumwandika, basi sheria ingemwandika, na watu wangesoma. Kilikuwa kinyongo cha wazi kabisa, nacho alikiita utaratibu.

Jumamosi ya wiki ya pili alikwenda nyumbani kwa baba yake na mthamini. Mthamini alikuwa kijana wa suruali iliyonyooshwa vizuri, ana futi ya kamba na daftari, na tabia ya kugonga kila ukuta kwa kifundo cha kidole. Kitinda aliwakaribisha kama wageni wa kawaida. Alikuwa amekilaza kichwa cha cherehani juu ya meza, anakitia mafuta tone kwa tone, na mwenye cherehani amekaa kando anasubiri.

"Pimeni tu, kaka," akasema. "Chumba cha nyuma mlango unakwama, usukumeni kwa bega."

Yule mteja, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kusikika mtaa wa pili, akamkagua Kalamu Chini toka kichwani mpaka viatuni.

"Kumbe ndiye huyu mkubwa! Miaka yote nakuja hapa, mbona hatujawahi kukutia machoni?"

"Kazi, mama."

"Eh, kazi," mama akasema, akarudisha macho kwenye cherehani yake.

Katika chumba cha baba kulikuwa na kitanda bila godoro, na bomba la chuma lililofungwa ukutani usawa wa kiuno. Lilianzia kichwani mwa kitanda, likapita mlangoni, likafuata korido mpaka chooni. Mahali pa kushika palikuwa pameng'aa, na kwingine pote palikuwa na kutu.

"Hili nani kalifunga?" mthamini akauliza.

"Mimi," Kitinda akajibu kutoka karakana. "Alikuwa hataki kushikwa mkono kwenda msalani."

"Halipandishi bei," mthamini akamwambia Kalamu Chini kwa sauti ya chini. "Mnunuzi atataka litolewe, na plasta itabomoka." Akaandika.

Kalamu Chini akaliwekea mkono bomba lile, akautoa. Akarudi karakana. Mteja alikuwa ameshaondoka na mzigo wake, na Kitinda anafuta meza kwa kitambaa.

"Wewe ulijua hakuniandika kitu," akasema.

"Nilijua."

"Na ukanyamaza."

"Wosia haukuwa wangu, kaka."

"Sasa mlishindwa hata kuita majirani wawili wasaini? Watu wazima, mnaharibu karatasi muhimu namna ile!"

Kitinda akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka.

"Baba aite majirani? Baba aliyekuwa akipokea karatasi ya umeme anaikunja mara nne, nisiione hata mimi ninayekwenda kuilipa? Halafu usidhani hakuambiwa. Mpiga chapa alimwambia wazi: mzee, mashahidi wasiwe watu wanaopata kitu humu. Baba akamjibu, ninao. Mkubwa na mkewe. Hawapati kitu, na ni watu wa nyumbani. Alifurahi mpaka akapiga meza kwa ule mkono wake mzima. Ndipo akakupigia simu."

Kalamu Chini alikaa kwenye kiti cha wateja.

Aliikumbuka ile simu. Kwa kweli zilikuwa tatu. "Njoo na mkeo," baba alisema kila mara, kwa ile sauti iliyopinda tangu augue, wala hakutaja la kuitiwa, kwani hakuwa mtu wa kumwaga mambo kwenye simu. Mara ya kwanza kulikuwa na mitihani ya majaribio. Mara ya pili alikuwa anasahihisha. Mara ya tatu alisema likizo ikifika, baba, na likizo ilipofika hakukumbuka, au alikumbuka. Alidhani anaitwa kulaumiwa kwa kutoonekana. Mtu akiogopa kulaumiwa kwa kutokwenda, hana dawa nyepesi kuliko kutokwenda tena.

"Alikungoja miezi minne," Kitinda akaendelea, bila ukali wowote, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. "Mwisho akasema basi, saini nyinyi, sheria haiwezi kuwa na akili fupi kiasi hicho."

"Ungenipigia wewe. Ungesema ni habari ya wosia."

"Alinikataza. Alisema ukiambiwa kwa simu kwamba hupati kitu, hutakuja kabisa. Alitaka ukae hapo mbele yake, akueleze mwenyewe kwa nini. Alikuwa ameshayapanga maneno. Nilikuwa namsikia akiyarudiarudia kitandani, maana ulimi ulikuwa mzito na hakutaka kukwama mbele yako."

"Maneno gani?"

Kitinda akakikunja kile kitambaa, akakiweka.

"Sijui, kaka. Akiniona naingia alikuwa ananyamaza. Yalikuwa ya kwako."

Mthamini akatoa kichwa mlangoni, akatangaza kwamba chumba cha nyuma kina upana wa mita tatu na robo, na kwamba ukuta wa kaskazini una unyevu. Kalamu Chini akamwambia imetosha, akamlipa, akamwacha aende zake. Yeye mwenyewe alikaa pale mpaka wateja wengine wawili wakaja na kuondoka. Aliona uchungu, na hakujaribu kuupa jina jingine. Kijitabu cha sheria kilikuwa mfukoni mwa koti, na hakikuwa na kifungu chochote kuhusu maneno ambayo marehemu ameyapanga na aliyepangiwa hakutokea kuyachukua.

Wiki ya tatu ilipotimia walirudi ofisini. Kalenda ilikuwa ileile. Karani alifungua jalada, akauliza wamefikia wapi.

"Tupe fomu," Kalamu Chini akasema.

Wa Kati akamshukuru Mungu kwa sauti iliyowafanya watu wa kwenye foleni nje wachungulie. Akajaza fomu yake ya kuachia fungu la nyumba, na mahali palipoandikwa "Sababu" akamwaga mistari mitano, akageuza karatasi, akaendelea nyuma. Karani alimwacha. Kitinda naye akajaza ya kuachia kiwanja, akaandika: "Baba alimpa dada." Kisha fomu za mkubwa, ambazo zilikuwa mbili, moja ya nyumba na moja ya kiwanja, zikawekwa mbele yake.

Majina aliyajaza upesi. Namba, tarehe, uhusiano na marehemu. Alipofika kwenye sababu akasimama.

Karani alisubiri kidogo, kisha akainama kumsaidia. "Wengi huandika kwa mapenzi ya familia. Ukiandika hivyo inapita."

Hakuandika hivyo. Dakika ziliyoyoma. Wa Kati akafungua mdomo, Kitinda akamgusa goti, akaufunga, na hilo lilikuwa jambo la kuonekana mara moja kwa mwaka. Hatimaye Kalamu Chini akaandika mstari mmoja kwenye fomu ya kwanza, na huohuo kwenye ya pili, akazisukuma mbele.

Karani alivaa miwani. Palikuwa pameandikwa: "Niliitwa mara tatu, sikwenda."

"Mwalimu, hii si sababu ya kisheria," akasema taratibu.

"Najua. Nimekisoma kitabu chote," akajibu. "Ndiyo niliyo nayo."