Uzi Mwekundu wa Pindo

Mimi Nelvine sikasiriki ovyo. Lakini barua ya serikali ilinikasirisha mpaka nikashindwa kumaliza chai, na huku Chepseon chai haimshindi mtu.

Tulikuwa akina mama kumi na wawili wenye mashine za kufuma sweta. Mwaka wa 1992 afisa wa ununuzi wa jeshi alikuja akachukua sweta moja ya mfano, kazi ya mikono yangu. Wanajeshi wetu walikuwa wanaenda kulinda amani Ulaya, kwenye theluji, na mwanangu Weldon alikuwa mmoja wao. Mfano ukipita, afisa alisema, mtafuma elfu nne.

Barua ilikuja baada ya miezi saba. Serikali ilikuwa imetia sahihi mkataba na nchi rafiki: wao watuuzie malori ya jeshi kwa bei nafuu, sisi tununue sare zote, pamoja na sweta, kwenye viwanda vyao. Nikamfuata afisa hadi Kericho mjini.

"Mama, hiyo mambo iliamuliwa huko juu," akasema. "Hata sisi tuliambiwa tu."

"Na sweta yangu iko wapi?"

Akapekua faili lake, akalifunga.

Mwezi wa Aprili Weldon alikuja kuaga, amevaa sweta mpya ya nchi rafiki. Nikashika pindo, nikalikunjua. Ndani, upande wa kushoto, kulikuwa na uzi mwekundu.

Kila mama kikundini kwetu ana rangi yake ya kufungia pindo, ili kazi mbaya ikirudishwa tujue ni ya nani. Nyekundu ni yangu.

"Zote ziko na hiyo," Weldon akasema. "Tuliambiwa ni alama ya kiwanda."

Wezi. Walichukua kazi yangu wakaiga hata sahihi yangu, bila kujua kwamba uzi ule ni sahihi ya mtu. Nikamwambia avue.

"Lakini mama, hii ni mali ya serikali."

"Uzi ni wangu."

Nikauvuta. Rangi waliiga, lakini fundo langu dogo la kuzuia pindo lisifumuke hawakuliona. Pindo lote likafumuka, nami nikafurahi, furaha mbaya kabisa. Kisha nikamwona Weldon amesimama na fulana tu, na kesho yake anapanda ndege.

Nikavuta kiti, nikaokota vitanzi kimoja kimoja, nikalifuma pindo upya na kulifunga kwa fundo langu. Katika zile elfu nne nilipata hiyo moja, nikaifanya bure, na hasira haikuniacha hata mstari mmoja.