Fundi Aliyefungwa Leso Machoni

Ummulkheir alimfunga Katana leso machoni, akakaza fundo, kisha akampungia mkono mbele ya pua.

"Waniona?"

"Dada Ummu, hata jua silioni."

Afadhali. Kanda iliyoganda kwenye kompyuta ilikuwa ya kupamba, sherehe ya wanawake watupu: bibi harusi kajipamba, wanawake wacheza nywele wazi, na mwanamume haruhusiwi hata kuchungulia. Mpiga picha wao ni Ummulkheir. Ikijulikana kuwa fundi wa kiume aliiona, hakuna nyumba ya Magogoni itakayomwita tena. Na Bi Salme, mama wa bibi harusi, alikuwa njiani kuja kuichukua!

"Si wewe uliyenambia niweke huo mfumo wako wa Linux kwenye kompyuta?" alifoka.

"Linux haina kosa, dada. Kosa ni la draiva."

Draiva ndiyo programu inayoiambia kadi ya picha ichore nini. Hii ilitoka kwa kampuni iliyounda kadi yenyewe, nayo imeifunga, mtu wa nje hajui ndani mna nini. Asubuhi kompyuta ilipopokea toleo jipya la Linux, draiva ikasusa.

"Ingekuwa wazi tungeirekebisha wenyewe," Katana akalalamika. "Watu wazima, wanaficha nini?"

"Na sisi kwenye kupamba twaficha nini? Kila mtu na stara yake. Hebu chapa!"

Katana akachapa kwa kupapasa, Ummulkheir akimsomea maandishi meupe kwenye kioo cheusi cha televisheni. Leso haikutoka, maana picha ingeweza kuchomoza wakati wowote. Waliiondoa draiva ya kampuni, wakaweka ile ya wazi, iliyoandikwa na watu wa kujitolea kila pembe ya dunia. Mlango ulikuwa wazi pia. Mwanamume si maharimu wake, angeufungaje?

"Hodi!" Bi Salme alikuwa keshaingia. Akamwona mwanamume kaketi mbele ya televisheni iliyounganishwa na kompyuta. "Astaghfirullah! Ummulkheir!"

"Shikamoo Bi Salme, haoni kitu, wallahi! Tazama fundo!" Kazi yake aliiona ikienda hivi hivi.

Katana, asiyejua la kufanya, akabonyeza kitufe cha mwisho. Picha ikawaka, inang'aa kuliko zamani. Sauti nayo ikaja, maana hupitia kadi hiyo hiyo, na televisheni ilikuwa imefunguliwa hadi mwisho. Ilikuwa sauti ya Bi Salme mwenyewe, karibu kabisa na kamera:

"Mwamwona mkwe wangu Intisar? Dhahabu yote ile ya kuazima! Hata pete!"

Intisar ni mama wa bwana harusi. Jioni hiyo kanda ilikuwa ipelekwe kwake Bofu, itazamwe na wanawake wa ukoo mzima.

Ummulkheir akarukia rimoti, akazima. Moyoni raha ilianza kumpanda, tena raha tele.

"Draiva yafanya kazi, dada," Katana akasema kwa fahari. "Nimesikia kila neno."

Bi Salme akaurudisha mlango nusu, akavuta kiti karibu na fundi.

"Mimi hapa sikumkuta mwanamume yeyote," akamwambia Ummulkheir. Kisha akamgeukia Katana, sauti imelainika: "Na wewe, mwanangu, ile draiva ya kampuni, ile iliyokuwa kimya, haiwezi kurudishwa?"