Sigara Zilizokauka Kau

Neno lililobaki mdomoni mwa Fundi Saa lilikuwa moja tu: sawa. Chai imepoa? Sawa. Mjukuu anaumwa? Sawa. Nyumba ingeungua, angesema sawa bila hata kugeuza shingo. Tangu macho yamkatae na duka lake la saa lifungwe, alishinda kwenye kiti cha sebuleni, mikono mapajani. Mkewe, ambaye ukoo mzima ulimwita Mama Mkubwa, alikuwa amechoka, tena kuchoka si mchezo. Angalau mgonjwa anayelalamika unajua yupo.

Siku moja akipangua kabati la chumbani akakutana na kisanduku cha sigara nene, zile za majani matupu ya tumbaku, si hizi za karatasi. Alikificha mwenyewe miaka ile, akamwambia mumewe zimekwisha, kwa sababu moshi wake ulinuka kwenye mapazia na kila jioni waligombana juu yake. Sasa akajikuta anaukumbuka ule ugomvi. Alimtaka yule mbishi wake arudi, hata kama atarudi na moshi.

Lakini zilikuwa zimekauka kau. Ukizibinya zinalia. Akampigia simu shemeji yake, mdogo wa mumewe, mtunza stoo wa hoteli.

"Lowesha sponji, ukamue, uiweke kwenye kikombe ndani ya sanduku, ufunge," shemeji akamwambia. "Isiziguse. Kila siku uzigeuze. Zikinywa maji kwa pupa zinapasuka."

"Mpaka lini?"

"Hata mwezi."

"Mwezi! Nina roho hiyo mimi?"

"Basi shemeji, umekaa na fundi saa bure."

Akaliweka sanduku mezani, mbele ya mumewe. "Nazifufua sigara zako, mzee."

"Sawa."

Akawa anazigeuza kila asubuhi kama anayegeuza maandazi, na kila akizibinya, bado zinalia. Uvumilivu ukamwishia. Akaleta birika linalochemka, akashika sigara moja juu ya mvuke. Ikavimba, kisha jani la juu likachanika kwa mlio kutoka ncha hadi ncha. Akachukua ya pili. Nayo hivyo hivyo.

"Acha."

Sauti ilikwaruza, hata akadhani ni redio.

"Umesemaje?"

"Acha! Unaziharibu. Halafu si ulisema zimekwisha?"

Moyo ukamlipuka kwa furaha, ila ulimi haukukubali kushindwa. "Zimekwisha ndiyo! Nani alinitobolea pazia la harusi?"

"Muongo wewe. Pazia lilitobolewa na pasi yako."

"Pasi yangu? Pasi yangu mimi?"

Wakaenda hivyo, maneno yakirushwa huku na huku, hadi pumzi zikawaishia wote wawili. Fundi Saa akalivuta sanduku, akazipapasa sigara moja moja kwa vidole. "Bado hizi," akasema. Kisha, bila kuinua uso: "Nilidhani umenichoka. Ndiyo maana nikawa nanyamaza, nisikuongezee kazi."

Mama Mkubwa angeweza kumdanganya. Hakuwa na nguvu hizo.

"Nimechoka," akasema. "Nimechoka sana, mume wangu."

"Najua." Akapapasa hewani mpaka akaupata mkono wake, akamnyang'anya birika. "Kaa basi."

Tangu duka lifungwe, hapakuwa na mtu aliyemwambia akae. Mama Mkubwa akakaa, akalia, wala hakujisumbua kufuta machozi.