Tope la Jiwe la Mativo

Sanduku la Mativo lilikuwa limefungwa juu ya mkokoteni, na mwenye mkokoteni alikuwa ameshaanza kusukuma, Ngigi alipomwita Mativo arudi. Alisema kuna kitu amebeba ambacho hakiendi Kitui.

Hiyo ni Dandora, Nairobi, mwaka wa themanini na moja. Mimi nilikuwa nazunguka mitaani na baisikeli ya kunolea visu, na asubuhi nilianzia mbele ya kibanda cha kunyolea cha Ngigi kwa sababu ya kivuli. Ngigi alikata nywele kwa mashine ya mkono. Kunyoa ndevu ilikuwa kazi ya mzee Mativo, na watu walitoka hadi Njiru waje wanyolewe naye bila kuwashwa. Kilichowaleta kilikuwa jiwe lake jeusi, refu kama kipande cha sabuni, alilolitoa kwenye mto mkavu kwao akalisugua juu ya mwamba misimu miwili mpaka likalala sawa. Wembe wake wa kukunja alimalizia kuunoa hapo alfajiri, kabla Ngigi hajafika.

Kisha Mativo akaanza kukohoa. Ngigi alimfukuza mbele ya wateja, akamwambia kibanda chake si wodi. Benchi zima lilicheka. Aliyecheka zaidi ni Shitanda, karani ambaye Mativo alikuwa amemnyoa kila Jumamosi miaka sita.

"Beba nyembe zako," Ngigi alisema sasa. "Jiwe litabaki. Ama nimwambie makanga wa basi la Kitui vile unatema damu, tuone kama atakupandisha."

Mativo alitaka kufika nyumbani, basi. Alilitoa jiwe kwenye sanduku, akalipangusa kwa kiganja.

"Ngoja nikuonyeshe, kijana, usije ukaliharibu."

Alimwagia maji, akasugua kwa kijiwe kidogo mpaka likatoa tope la kijivu. Nilikuwa nimemwona akifanya hivyo mara mia. Kutoka hapo huongeza maji tone kwa tone, tope lipungue, lipungue, mpaka maji yawe meupe juu ya jiwe, na wembe upite kwa uzito wake wenyewe. Siku hiyo hakuongeza hata tone.

"Hapa ndipo unamalizia. Tope likiwa zito kama uji. Na ukandamize."

Ngigi hakuwa mjinga. Alinigeukia mimi, mtu ambaye yeye alizoea kummwagia maji ya nywele kwenye gurudumu na kumwita mbwa wa baisikeli.

"Wewe si ni fundi wa kunoa? Ni hivyo?"

Mativo aliniangalia.

"Ni hivyo," nikasema. "Likiwa zito zaidi ndio vizuri."

Mativo akaufuata mkokoteni wake.

Jumamosi alikuja Shitanda. Wembe ule haukunyoa, ulikwangua. Ngigi akamwambia atulie, akadhani tope halikutosha, akarudi kwenye jiwe akaongeza tope na kukandamiza, kisha akarudi shingoni. Nilisikia miguu ya Shitanda ikikwaruza sakafu. Kilichohitajika ni kikombe cha maji na maneno mawili. Nilikuwa na kisu cha mwenye bucha mkononi. Nikamaliza kukinoa, upande huu na upande ule.

Shitanda alioza shingo, akalala hospitali wiki tatu, na tangu hapo alivaa skafu hata jua la Januari. Ngigi aliendelea kuniuliza kila asubuhi anakosea wapi, nami kila asubuhi nikamwambia aongeze tope. Alisugua mpaka jiwe likaingia shimo katikati. Kufika Krismasi benchi lilikuwa tupu. Kibanda kilichukuliwa na Abdinoor, akauza mafuta ya taa. Ngigi alienda kuokota mifupa kule jalalani, na mara ya mwisho nilipomwona hakunijua, au alijifanya. Mkewe, Jecinta, alilichukua jiwe. Hulitumia kusugua visigino.

Mativo alipanda basi, akafika. Alikufa mvua za Aprili. Mkewe Kalekye aliniambia kwamba siku za mwisho mikono ilimshinda, na kabla ya kuzikwa jirani mmoja alimnyoa kwa kiwembe cha dukani, akamkata mara mbili.

Mimi niliuza baisikeli mwaka wa themanini na sita. Nakaa Njiru. Ndevu nimeziacha zikue.