Wening Alivyojifunza Kuitikia Jikoni kwa Yu Ginah

Mjukuu wangu Wening alianguka mtihani wa kuzungumza Kiingereza mara mbili, na mara zote mbili kosa lilikuwa langu.

Si kwamba Kiingereza nakijua. Mimi niliishia darasa la tatu, hata barua ya serikali nasomewa. Kosa langu ni kwamba nilimlea vizuri kupita kiasi. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka minne, akabaki na sisi wazee wawili, mimi na babu yake, bila mtoto mwenzake wa kubishana naye. Nikamfundisha kwamba mkubwa akisema, unainamisha kichwa, unangoja amalize, kisha unasema "inggih". Hiyo ndiyo "ndiyo" yetu ya adabu, sisi watu wa Java. Usidakie maneno, usiongeze lako. Akisahau, nilimfinya paja chini ya meza, na hakusahau mara nyingi.

Alikua, akawa muuguzi katika hospitali ya wilaya yetu. Mwaka jana hospitali ikaletewa mashine mbili za kusafisha damu ya wagonjwa wa figo. Zilikaa chumbani zimefunikwa mashuka kwa sababu hakuna aliyejua kuzitumia. Ikaamuliwa muuguzi mmoja aende Penang, Malaysia, akajifunze mwaka mzima, na masomo ya huko ni ya Kiingereza. Wakamchagua Wening, kwa sharti afaulu kwanza mtihani wa kuzungumza. Walimpa nafasi tatu tu.

Mashine hizo mimi na Wening tulikuwa tunazijua kwa uchungu. Babu yake alipelekwa mjini Solo mara mbili kila wiki, miaka miwili, akasafishwe damu. Saa mbili kwenda, saa mbili kurudi. Alikuwa akirudi uso umepauka, hata kijiko hakishiki. Safari moja hakufika.

Kwa hiyo Wening alipokuja na karatasi ya majibu ya mara ya pili, sikuuliza. Niliona alivyovua viatu. Akaketi kwenye mkeka, akanisomea alichoandika mtahini: "Anakubali tu. Hachangii."

"Mbah, sielewi," akaniambia, akiniita bibi kwa Kijava. "Wanatukalisha wawili, wanatupa jambo la kuzungumzia, wao wanasikiliza. Mwenzangu akisema, namsikiliza mpaka mwisho. Akimaliza namwambia ndiyo. Na simdanganyi, nakubaliana naye kweli."

"Halafu?"

"Halafu nangoja aseme tena."

"Na yeye?"

"Naye anangoja mimi."

Nikacheka, maana niliwaona wawili hao wamekaa kama bata waliotazamana. Kisha kicheko kikaniishia, nikakumbuka mapaja niliyofinya.

Mwalimu wake wa Kiingereza, Bu Endah, alikuwa mtu mwema. Alimwandikia namna kumi na mbili za kukubali kwa Kiingereza, akamweleza maana zake. Nakubaliana nawe kabisa. Hata mimi naona hivyo. Si ndiyo hapo! Sikatai, lakini. Wening alizikariri akichagua mchele, akafua nazo, akalala nazo. Jioni moja aliniomba nijifanye mwenzake wa mtihani. Mimi niseme Kijava, yeye aitikie kwa Kiingereza.

"Leo joto kali," nikaanza.

Akainamisha kichwa. Akangoja. Akatoa sentensi nzima, imenyooka kama shati lililopigwa pasi.

"Nduk, binti yangu," nikamwambia, "mimi sijui umesema nini. Lakini nimesema joto, wewe umeniitikia kama mtu anayeapishwa."

Akafungua simu, akanichezea sauti za wanawake wawili Waingereza, ambazo Bu Endah alimtumia azisikilize. Sikuelewa hata neno moja. Lakini masikio ninayo. Yule wa pili hakungoja. Wa kwanza hajamaliza, mwenzake ameshaguna, ameshaingia, ameshaweka kitu chake, na wa kwanza anakidaka na kwenda nacho. Nikasema, mbona huu mwendo naujua? Nikamwambia arudie. Aliporudia nikapiga goti langu kofi.

"Huyu wa pili ni Yu Ginah!"

Yu Ginah, yaani dada Ginah, ni jirani yetu, ukuta kwa ukuta. Anakaanga na kuuza kachori zetu nyembamba za karanga. Tangu alipoletwa hapa bibi harusi, miaka ishirini sasa, mdomo wake haujafungwa, na akinyamaza yeye, redio inaendelea. Miaka yote hiyo nilimzuia Wening asikae kwake. Nilikuwa nikimwambia, "Ukikaa na yule utaota midomo miwili."

Wiki ile Yu Ginah alikuwa na shughuli ya siku ya elfu tangu mumewe afariki, na kama kawaida yetu wanawake wa mtaa wangekwenda siku mbili kupika. Wasichana hubeba sinia za chai, kimya, macho chini. Wening alikuwa hajawahi kuvuka hatua hiyo. Toka kwenye sinia za chai alikwenda chuoni, toka chuoni wodini. Jikoni kwenyewe, mahali wanawake wanapokaa chini na kusema, hakuwahi kukaa.

Nikajifunga kanga yangu nikaenda kubisha.

"Mbah Karsi kavuka ukuta!" Yu Ginah akapiga kelele. "Nani kafa?"

"Mumeo, na ameshatimiza siku elfu."

Akacheka mpaka akaegemea mlango. Nikamwambia shida yangu. Nataka Wening akalishwe kwenye nazi, katikati ya wasemaji.

"Yule malaika wako? Si ulisema mimi nitamharibu?"

"Ndicho nilichokuja kukuomba," nikasema. "Mharibu kidogo."

Akanitazama. Nadhani alikuwa na maneno mengi ya kunijibu, na kila moja ningestahili. Alisema tu, "Kesho asubuhi. Aje na kibao chake cha kukunia."

Kesho yake tulikuwa wanawake tisa na nazi thelathini. Mimi mahali pangu ni kwenye wali wa mvuke, kwa sababu ya uzee, na kutoka pale naona jikoni lote. Wening aliwekwa kati ya Yu Ginah na Parti, mke wa fundi baiskeli.

"Nazi za mwaka huu hazina tui," Yu Ginah akaanza.

"Acha tu! Juzi nimekamua tano, hata kikombe hakikujaa," Parti akadakia.

"Mimi saba!" akapiga kelele mmoja kutoka kwenye vitunguu. "Saba, na mchuzi ukawa kama maji ya kunawa!"

Kisha wote wakamgeukia Wening. Akaacha kukuna. Akainamisha kichwa.

"Inggih, Yu."

"Inggih nini?"

"Inggih, nazi hazina tui."

"Hilo nimeshasema mimi," Yu Ginah akamwambia. "Unanirudishia nazi yangu ileile? Weka na yako!"

"Mimi sijakamua nazi mwaka huu, Yu."

"Basi weka chochote. Huko hospitali kwenu hakuna kitu kisicho na tui?"

Vibao vilisimama. Niliona sikio la mjukuu wangu limeiva wekundu, nikataka kuinuka nimtoe.

"Supu," akasema polepole. "Supu ya wodini. Ukiinamia bakuli unaona uso wako."

Jikoni likalipuka. Parti alidondosha nazi ikaviringika mpaka miguuni kwangu. "Kweli kabisa!" alikuwa akisema huku anafuta machozi. "Mama yangu alilazwa, akaniambia, mwanangu, nimeletewa kioo na kijiko!" Na Wening, kabla Parti hajamaliza, akadakia, "Na chumvi wanaiandika kwenye faili tu!"

Mkono wangu ulitoka wenyewe ukaenda kutafuta paja la kufinya. Nikaukalia.

Siku ya pili sikuwa na haja ya kumtazama sana, nilimsikia. Alikuwa akidakia, akiguna, akisema "hata mimi" na kutoa habari yake. Mara nyingine alichelewa, mara nyingine aliingia mapema mno wakamcheka. Yu Ginah akatoa lake kubwa, kwamba wauguzi wote ni wakali, hakuna mwenye huruma. Nikageuka kutoka kwenye wali. Huyu ni mwenye nyumba, na mwenye msiba.

"Wakali tupo, Yu, sikatai," Wening akasema, mikono inakuna. "Lakini na wewe ulitaka kukaanga kachori wodini."

"Sufuria moja tu!"

"Chini ya kitanda cha mgonjwa!"

"Hapo kakushika, Ginah," akasema Parti, na Yu Ginah akacheka kuliko wote. Kisha akajipangusa uso na ncha ya kanga na kusema, kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Alikuwa hali kitu kingine, marehemu. Ndiyo maana." Wening akasema, "Babu naye alitaka ndizi za kukaanga tu." Wakakuna nazi pamoja, vibao vikienda sawia, na hata huko kulikuwa kuitikiana.

Jioni nilimkuta ameifungua ile orodha ya Bu Endah. Pembeni ya kila namna ya kukubali alikuwa ameandika jina. Hata mimi naona hivyo: Parti. Si ndiyo hapo: Yu Ginah. Sikatai, lakini: akaandika jina lake mwenyewe, akalifuta, akaliandika tena.

Mtihani ulikuwa Alhamisi, Yogyakarta. Nilimsindikiza, nikakaa kwenye benchi nje na wali wetu uliofungwa kwenye jani la mgomba. Alipotoka alikuwa na uso ambao sikuweza kuusoma. Hakuutaka wali. Akanisimulia.

Mwenzake alikuwa mwanamume mmoja wa hoteli, na jambo walilopewa ni hili: mzee akiugua, ni bora auguzwe hospitali au nyumbani? Yule bwana akasema nyumbani. "Mbah, kichwa changu kikaanza kushuka chenyewe. Nikaona magoti yangu. Nikamsikia Yu Ginah: unanirudishia nazi yangu ileile? Nikainua uso nikamwambia kabla hajamaliza, kabisa, babu yangu alikuwa hali hospitalini, akifika nyumbani anakula. Akafurahi huyo! Akaniambia, hata mama yangu!"

"Kwa Kiingereza yote hayo?"

"Kwa Kiingereza, Mbah. Sikuchagua hata namna ipi kati ya zile kumi na mbili. Ilitoka tu. Halafu akasema mzee asiambiwe ugonjwa wake, utamvunja moyo. Nikamwambia, sikatai, inauma kumwambia. Lakini babu yangu alijua, na alipojua ndipo alipotuambia anachotaka. Akaniuliza, alitaka nini?"

Mimi nilikuwa nalijua jibu.

"Nikamwambia alitaka mashine iwe karibu na nyumbani. Mtahini aliacha kuandika, Mbah, akawa anasikiliza. Nami nikasahau kwamba ni mtihani."

Tukala wali wetu baadaye, kwenye treni, wa baridi. Sijala wali mtamu kama ule.

Majibu yalichukua wiki mbili. Wening aliyasoma amesimama mlangoni kwetu, na kabla hajanifikia mimi alikuwa ameshapaza sauti juu ya ukuta, "Yu! Nimefaulu!" Na kutoka upande wa pili, "Si ndiyo hapo!"

Siku iliyofuata nilipika. Wali, mboga za nazi, mayai, kuku mzima. Nikapanga kwenye kikapu nilichopewa harusini kwangu, nikapita mlango wa mbele wa Yu Ginah kama mgeni wa heshima.

"Ginah, asante," nikamwambia. "Na nisamehe. Miaka ishirini nilikuwa nakusema vibaya."

"Nilikuwa nakusikia, Mbah. Ukuta mwembamba."

"Nilikosea."

"Ulikosea, sikatai," akasema, ameshafungua kikapu na kunyofoa bawa la kuku. "Lakini na mimi redio nilikuwa naifungulia makusudi."

Tukala wawili, mezani kwake, kwa mara ya kwanza. Nilishukuru Mungu kwa mdomo wa mwanamke yule, ambao niliwahi kumwomba aufunge.

Asubuhi ya safari Wening alipiga goti akanishika mkono kuuweka usoni kwake, kama nilivyomfundisha. Gari la hospitali lilikuwa linangoja barabarani. Nilikuwa nimejiapiza sitasema maneno ya kumtia uzito.

"Nyumba itakuwa kimya," nikasema.

"Inggih, Mbah," akaitikia, kichwa chini. Kisha akakiinua. "Na mimi huko nitakula bila mtu wa kunikemea. Chakula hakitashuka."

Alikuwa amenidakia. Nilikuwa bado nina neno mdomoni. Nikamfinya paja, taratibu, akacheka akilia, akaingia garini.

Nilisimama pale mpaka vumbi likatua. Nyuma yangu, juu ya ukuta, kikatokea kichwa cha Yu Ginah na mwiko mkononi.

"Kimya kipi hicho, Mbah Karsi? Mimi si nipo?"

"Upo kabisa," nikamwambia. "Na redio yako."