Pindo la Kivuli

Mume alirudi Jumanne asubuhi, na Mama Pindo akajua hana hisia alipomwona anakunywa chai iliyotoka jikoni muda huohuo. Hakupuliza. Hakukunja uso. Alimeza kama anayemeza maji ya bomba, akasema asante.

"Moto huo, Mrefu," mkewe akamwambia.

"Ahaa," akasema, akaweka kikombe chini. Ulimi ulikuwa umeshababuka na mwenyewe hana habari.

Mama Pindo lilikuwa jina la mtaani, alilopewa kwa kazi yake. Alishona sare za shule sebuleni kwake, na kila gauni na kila suruali iliyotoka kwenye cherehani yake ilikuwa na pindo la upana wa kiganja. Mtoto hukua, alisema, na kitambaa kikishakatwa kimekatwa. Wazazi walilalamika kwamba watoto wao wanaburuza mapazia. Mwaka wa pili walirudi kimya kimya, mtoto kaongezeka, pindo likafumuliwa na gauni likatosha.

Mumewe alikuwa fundi wa vioo, mrefu hata mlango wa jikoni akiuingia kwa kuinama. Aliondoka binti yao akiwa anatambaa, akaenda kufanya kazi juu. Sio juu ghorofani. Juu kwenyewe, kupita mawingu, ambako vioo vikubwa kama viwanja vya mpira hugeuzwa kulifuata jua ili miji ya chini ipate umeme. Kule mwanga unapiga kutoka kila upande, na mtu akienda na kivuli chake kinachanika vipande vipande. Kwa hiyo kabla ya safari wafanyakazi wote hutenganishwa na vivuli vyao kisiginoni. Cha Mrefu kiliviringishwa kama mkeka, akakabidhiwa mkewe aende nacho nyumbani.

Maagizo hayakuwa marefu. Kitundikwe kwenye ukuta mkavu. Kiwashiwe taa kila jioni, la sivyo kitafifia. Na taa isihamishwe.

Ni hilo la mwisho lililomshinda. Nyumba ilikuwa na taa moja tu inayofaa kushonea, na shule zikikaribia kufunguliwa mchana peke yake hautoshi. Mwanzoni alivumilia. Taa ikakaa rafuni mbele ya kivuli, yeye akashona kwa kukisia na kujichoma vidole. Halafu akasema liwalo na liwe, akaihamishia kwenye cherehani.

Kivuli kilichotenganishwa hakiikimbii taa kama vivuli vingine. Kinaifuata, kama mche uliowekwa dirishani. Taratibu, bila mtu kuona, mkono wa kushoto wa kile kivuli ukaanza kurefuka. Ukapita kabati, ukapita picha ya harusi, mpaka jioni moja Mama Pindo akasikia ubaridi begani. Pasi ilikuwa inawaka karibu yake na jasho linamtiririka. Hakugeuka. Alimalizia mshono aliokuwa nao, kisha mwingine.

Baada ya hapo ule mkono ulikuja kila jioni. Alizungumza nao mambo ya kawaida: nani kaleta kitambaa chepesi, nani anataka mifuko minne kwenye suruali ya mtoto wa darasa la kwanza. Binti alipopata homa, akavuta mkeka wake karibu na cherehani, na ule mkono ukalala juu ya paji la uso wake mpaka joto likashuka. Mtoto alikiita "baba wa ukutani". Mama mkwe, aliyeishi nyumba ya pili, alicheka mpaka akashika mbavu.

"Wenzio wameolewa na wanaume, mkwe wangu," alisema. "Wewe umeolewa na ukuta."

"Ukuta haunywi wala haurudi umechelewa, mama."

"Hilo nalo ni kweli. Marehemu baba mkwe wako ningempaka chokaa mapema."

Mama Pindo hakuwa mtu wa kulia. Mume alipoondoka hakulia, na sasa amerudi hakufurahi. Mahali pa kulia na pa kufurahi palikuwa pameota sugu, kama ncha ya kidole kinachosukuma sindano. Alimpokea mumewe, akampa maji ya kuoga, akamtandikia kitanda. Alifanya yote kama mtu anayehesabu vifungo.

Mrefu naye alikaa kitini kama mzigo uliosahauliwa. Mtu asiye na kivuli haumii, hasikii ladha, hapendi wala hachukii. Binti alimwamkia, akajibu, mtoto akaenda zake kukaa chini ya ukuta wake.

Ila kivuli kilishamwona mwenyewe. Alhamisi pembe zake zilianza kujikunja kama ganda la kitunguu, na ukikigusa kinatoa mlio wa karatasi. Ndivyo vilivyo. Mwenyewe akirudi, kivuli kinasubiri kidogo tu. Kisipounganishwa kinakauka, na kikishakauka mtu anabaki vile alivyo mpaka anaingia kaburini.

"Twende kwa fundi," alisema Mama Pindo.

"Twende," alisema Mrefu. Angeambiwa twende kisimani angesema vilevile.

Fundi wa vivuli alikuwa na chumba nyuma ya duka la kutengeneza redio. Kuta nne nyeupe, balbu moja, na meza ndefu ya kioo yenye mwanga kwa chini. Alikuwa dada mwenye mafua yasiyoisha, leso kaitia kwenye mkono wa sweta. Mama mkwe alikuja nao bila kualikwa, akachukua kiti cha pekee kilichokuwa na mto.

Fundi alikikunjua kivuli juu ya meza. Akapenga kamasi. Akaangalia ule mkono unavyoning'inia nje ya meza hadi sakafuni.

"Nani alihamisha taa?"

"Mimi," alisema Mama Pindo.

"Kila mke anahamisha taa. Mmoja aliiweka jikoni, mumewe leo ana kichwa upande." Akaupima mkono kwa kamba. "Hivi ulivyo, hauingii. Mwili una mkono wa mtu, kivuli kina mkono wa nyani. Kuna njia mbili. Nikikata, anatoka hapa mwepesi, mzima, leo hii. Ila kilichokatwa kinaondoka na vyote kilivyozoea kule kwenu. Nikikunja, nikatia pindo, hakipotei kitu. Lakini mkono utakuwa mzito. Ataangusha vikombe. Litajifumua lenyewe polepole, mwaka, miaka, sijui. Lingine halifumuki kabisa."

"Fundi vioo mwenye mkono mzito," alisema mama mkwe. "Si ataishia kuuza vigae."

"Kukata au kukunja, yeye ndiye anasema," fundi akasema. "Kivuli ni chake."

Wote wakamtazama Mrefu. Alikuwa amesimama chini ya balbu, na sakafu kwenye miguu yake ilikuwa tupu, safi kama sahani.

"Kata," alisema.

Mama Pindo alisubiri kitu kimuume ndani. Hakikuuma. Aliangalia mkasi wa fundi, mweusi, mwembamba, ukiwa umelala kwenye kitambaa.

"Kwa nini?" akauliza.

"Mkono ule sio wangu. Asiyekuwepo na lake halipo. Mimi sikuwepo." Hakusema kwa uchungu, hakuwa na uchungu wa kusemea. "Kuushikilia ni kung'ang'ania cha mwenzangu."

"Mwenzako nani? Ni kivuli chako, Mrefu."

"Umekizoea wewe. Mtoto anakiita baba. Mimi ananiita shikamoo."

Mama mkwe akafungua mdomo. Mama Pindo akamwinulia kidole, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu aolewe, na mama mkwe akaufunga.

"Sikiliza," alisema Mama Pindo. Sauti yake ilikuwa ileile anayotumia kuwaambia wazazi sare haijawa tayari. "Mtoto aliugua. Nilikuwa na magauni kumi na moja ya kumaliza na sikuwa na mkono wa tatu. Mkono huu ukamshika kichwa. Siku nyingine cherehani ilikata mkanda nikakaa tu, sikuweza hata kusimama, ukanishika bega. Sikuuomba. Niliweka taa kwa ajili ya kushona, sio kwa ajili ya mapenzi. Wewe unasema ni wa mtu mwingine. Mimi ninachojua ni kwamba unajikuna shingo kama wewe. Unanyooka kidole kimoja kimoja kama wewe ukiamka. Ulichofanya kwetu ndicho ambacho ungefanya wewe ungekuwepo, au sicho. Hilo unalijua mwenyewe. Kama sicho, akate, nitakwenda nyumbani nishone."

Kwenye duka la mbele redio ilikuwa inakoroma ikitafuta kituo.

"Sijui," alisema Mrefu baadaye. "Huko juu hakuna anayeuliza ungefanya nini. Unageuza kioo, unalala, unageuza kioo." Akautazama ule mkono ulioning'inia. "Nilipoondoka alikuwa na meno mawili."

"Ana mapengo sasa."

"Nimeyaona. Sisikii kitu, mke wangu. Nikikwambia nakupenda nitakuwa nakudanganya. Lakini mkataba ulipoisha, wenzangu wengi walibaki. Mtu asiyesikia kitu hana sababu ya kushuka. Mimi nilishuka. Sijui kwa nini. Nilipanga foleni nikashuka."

Mama mkwe akajifuta jicho kwa ncha ya khanga, akajidai ni vumbi.

"Kunja," Mrefu alimwambia fundi.

"Utaangusha vikombe."

"Tutanunua vya bati," alisema Mama Pindo.

Fundi akashona. Uzi wake ulikuwa na rangi ya moshi na sindano haikuonekana ila inapokatiza kwenye mwanga. Alianza na visigino, mshono wa kurudi nyuma, ule wa mahali panapobeba uzito. Halafu akaukunja mkono mara tatu kutokea kiwiko, akaupiga pasi kwa kiganja, akaubana. Mama Pindo aliangalia pindo lile kwa jicho la kazi. Lilikuwa limenyooka.

Mrefu alianza kusikia kwa miguu. Alinyanyua mmoja, akauweka chini, akanyanyua mwingine.

"Sakafu ya baridi," alisema.

"Ni saruji," alisema fundi, akapenga kamasi. "Jumamosi nimefunga. Mkipata tatizo msije Jumamosi."

Walirudi kwa miguu juani. Mama mkwe alitangulia akisimulia watu wa mtaa kabla hawajauliza. Mrefu alitembea amelalia upande wa kushoto kama aliyebeba ndoo, na kivuli chake kilimfuata ardhini na kinundu kiwikoni. Kwenye kona aligonga bega la mtu, akasema samahani, halafu akasimama akijishika pale palipogongwa. Mama Pindo alimsubiri. Alikuwa bado anajipapasa ndani kutafuta furaha, kama mtu anayetafuta mkasi mezani na anajua hakuuweka mbali.

Jioni wingu lilitanda, nyumba ikawa giza mapema. Ukuta ulikuwa mtupu. Binti alisimama mbele yake kwa muda, kidole kwenye pengo.

"Ameenda wapi baba wa ukutani?"

"Yuko pale kwenye kiti," mama yake alimjibu. "Kamguse uone."

Mtoto alikwenda, akaweka paji la uso wake kwenye kiganja cha kushoto cha baba yake, kama anayejaribu maji. Mrefu hakuuondoa mkono. Aliutegemeza kwa ule wa kulia kwa sababu ulikuwa mzito.

"Sio baridi," alisema mtoto.

"Pindo bado halijafumuka," alisema Mrefu. Na baadaye kidogo, "Una joto wewe. Kichwa chako kina joto."

"Si nimetoka kucheza."

Mama Pindo alimwekea mumewe chai. Safari hii aligusa kikombe kwa midomo, akakirudisha upesi, na nusu ikamwagikia suruali.

"Moto," alisema.

"Ndiyo."

Mama Pindo alikichukua kikombe kabla hakijaanguka, akakiweka mbali na kiwiko. Kisha akaichukua taa kutoka kwenye cherehani na kuirudisha rafuni, mahali ilipopaswa kukaa tangu mwanzo. Kivuli cha Mrefu kilikaa nyuma yake ukutani, kifupi, kimejikunja, hakifiki hata kwenye kabati. Yeye akakaa kwenye cherehani, akavuta gauni la juu kwenye lundo, akaanza kushona kwa kukisia. Bega lake la kulia lilikuwa na joto la pasi. Alishona pindo zima hivyohivyo.

Nyuma yake kiti kilikwaruza sakafu. Kikakwaruza tena. Mrefu alikuwa anakisogeza kwa mkono mmoja, kidogo kidogo, kwa kelele nyingi, akipita kabati, akipita picha ya harusi. Alikisimamisha karibu na cherehani, akakaa, akashusha pumzi. Mkono mzito ukatua begani kwa mkewe kama gunia.

"Unanizibia mwanga," alisema Mama Pindo.

Hakumwambia asogee. Alisukuma kitambaa chini ya sindano, na akaendelea.